Nimeishi na V8 ya Marekani na Skyline ya Japani: hela ilikokwenda

Watu wakisikia nimewahi kumiliki Ford Mustang GT na baadaye Nissan Skyline GT-R, swali ni lile lile: ipi kali? Nikisema "inategemea" wananuna. Kwa hiyo siku hizi nawarudishia swali: fundi wako ni nani, na spea utazitoa wapi? Hapo mazungumzo hupoa, wengine hudhani nakwepa. Sikwepi. Miaka niliyokaa Marekani nilizunguka na makundi yote mawili, la V8, yaani injini za silinda nane, na la magari kutoka nje, na sijamwona mtu aliyekosa usingizi kwa sababu gari lake limepungukiwa nguvu farasi 30. Waliokosa usingizi ni wale ambao gari lilikuwa juu ya stendi, injini wazi, wakisubiri kifurushi ambacho hakijulikani kimekwama bandari gani.

Nilianza na Mustang, na wala haikuwa kwa ushabiki. Ilikuwa bima na mkopo. Mustang GT za 2015 zilizotumika zilikuwa zimejaa sokoni. Benki inazijua, kampuni za bima zinazijua, na ukiingia duka lolote la spea plagi zake ziko kwenye rafu. V8 ya lita 5.0, nguvu farasi 435, uzito karibu kilo 1,680. Huo ndio mwaka Mustang za kawaida zilipoachana na ekseli ngumu ya nyuma, kila gurudumu likapata sasipensheni yake, na ule utani wa wapenzi wa magari ya Japani kwamba gari la Kimarekani halijui kona ukaanza kuchakaa.

V8 kubwa isiyo na turbo ina utamu wake, na utamu huo uko chini, kwenye mizunguko midogo ya injini. Uko gia ya tatu, gari linatembea polepole, unakanyaga kidogo tu nalo linaondoka. Hakuna kusubiri. Ndicho hicho hicho kinachowaumbua watu. Kuna mzaha maarufu kuhusu Mustang zinazotoka kwenye mikusanyiko ya magari na kuishia kwenye ukingo wa barabara huku umati ukirekodi kwa simu, na si mzaha mtupu. Dereva anataka aonekane, tairi bado za baridi, amezima mfumo wa kuzuia kuteleza, anakanyaga mafuta kabla usukani haujanyooka. Mkia unamtangulia.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni tairi. Zilizokuja na gari zilikuwa na kashata ndefu, ukizitazama haraka haraka unasema bado nzuri kabisa. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwisho wa msururu huo kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Za nyuma zilikuwa changa kwa miaka kadhaa kuliko za mbele, maana mwenye gari wa kwanza alikuwa anazizungusha papo hapo mpaka zitoe moshi, kisha ananunua nyingine, huku za mbele akiziacha. Mpira wa mbele ulikuwa umekauka. Ukibonyeza kwa ukucha hauachi alama. Gari la nguvu farasi 435 lenye tairi za namna hiyo mbele halina usukani mvua ikinyesha. Kwa hiyo ukienda kukagua gari, chuchumaa usome tarakimu hizo kwenye tairi zote nne kabla hujaomba kusikia injini. Tairi pia husema tabia ya aliyekutangulia, na hilo utalihitaji zaidi kuliko ngurumo.

Baada ya hapo nikaenda kwenye mbio za robo maili, kama mita 400 za mstari mnyoofu. Naipendekeza kwa mtu anayeanza kwa sababu unashindana na saa, mstari umenyooka, na hakuna anayekujia mbele. Ila kuna mambo wenyeji hawakuambii kwa kuwa kwao ni ya kawaida mno. Kabla ya mstari wa kuanzia kuna sehemu iliyomwagiwa maji, ya magari yenye tairi za mashindano kuchomea mpira. Kama una tairi za barabarani, izunguke. Kashata hubeba yale maji mpaka mstarini na utateleza mbele ya watu. Tena usihangaike na taa ya kijani. Muda wako unaanza kuhesabiwa gurudumu la mbele linapoondoka kwenye mwale wa taa wa mstari wa kuanzia, si taa inapowaka, hivyo ukichelewa kidogo kuondoka muda wa gari hauharibiki. Na helmeti: kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, zinaitaka kwa gari linalomaliza kwa sekunde 13.99 au pungufu, na Mustang hii inaingia humo bila kuguswa. Wengi wamerudishwa nyumbani baada ya mbio moja kwa sababu hiyo.

Pale ndipo nilipoacha kubishana juu ya nguvu. Jamaa yangu alikuwa na Subaru WRX STI, nguvu farasi 300 tu, na mita 18 za mwanzo alikuwa ananiacha kila mara, magurudumu yake yote manne yakiuma lami huku ya kwangu mawili yakitoa moshi. Katikati namfikia, mwishoni nampita kwa kasi kubwa. Ukisoma karatasi wanayokupa baada ya mbio utaona: kasi ya mwisho inaeleza nguvu za injini, lakini sekunde zinaeleza zaidi namna gari lilivyoondoka. Alikuwa akinicheka kwa vijisekunde, mimi namcheka kwa kasi, na sote tuna karatasi za kuthibitisha. Alichonyamazia ni klachi. Kuondoka vile kwa magurudumu manne, tairi hazitelezi, kwa hiyo kishindo chote kinaishia kwenye klachi na giaboksi. Mustang ilikuwa inapoteza nguvu kwenye moshi wa tairi, na tairi ni rahisi kuliko giaboksi.

Kwenye uwanja wa kona mambo yalikuwa mengine. Kilo 1,680 zinazofika mwisho wa sehemu iliyonyooka na kutakiwa zisimame kila baada ya dakika chache huchemsha breki, na mafuta ya breki yakiwa ya zamani yana unyevu ndani yake. Unyevu ukichemka unageuka mvuke, na mvuke unagandamizika. Nilikanyaga pedali ikashuka karibu na sakafu, gari likapunguza mwendo kidogo tu, nikatoka nje ya lami kwenye majani bila kugonga kitu. Miguu ilitetemeka mpaka nimefika kwenye maegesho. Badilisha mafuta ya breki yote, si kuongeza juu, kabla ya siku ya uwanja. Weka mafuta ya daraja la DOT 4 yenye kiwango kikubwa cha kuchemka. Na soma mkataba wako wa bima, kwa kuwa bima ya kawaida mara nyingi haifidii kitu kinachotokea uwanjani. Wapo wanaouza bima ya siku moja ya uwanja. Nilikuwa naiona ghali hadi siku ile ya majani.

Mzee mmoja fundi, mwenye Chevrolet Chevelle ya miaka ya 1960, alisikia hadithi yangu akacheka mpaka akakaa chini. "Kijana," aliniambia, "wewe una diski nne unalalamika. Mimi nina dramu nne." Akanipa ufunguo. Lile gari unalivuta pumzi kabla hujaliwasha: petroli mbichi kutoka kwenye kabureta, oili ya moto, ngozi ya viti. Unakanyaga mafuta mara mbili ili choki ijifunge, unawasha, linakohoa, kisha linatulia kwa mtikisiko unaouona kwenye kioo cha pembeni. Usukani una nafasi ya wazi katikati. Unageuza kidogo hakitokei kitu, halafu kinatokea. Kwenda moja kwa moja ni raha isiyoelezeka. Kusimama ni jambo la kupanga mapema, kama vile unapanga safari.

Yule mzee ndiye aliyenifungua macho kuhusu oili. Injini za zamani zenye kamshafti inayosugua vitako bapa zinahitaji zinki na fosforasi ya kutosha kwenye oili, na oili nyingi za kisasa zimepunguziwa kemikali hizo ili zisiharibu katalisti ya ekzosi. Mtu anamwaga oili mpya ya bei mbaya kwenye V8 ya zamani, na kamshafti inaanza kulika. Tafuta oili iliyotengenezwa kwa injini za zamani na usome kopo.

Ndiye pia aliyenifafanulia namba za matangazo. Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo iliyoanzisha enzi ya magari ya misuli, yaani magari ya Kimarekani yenye V8 kubwa, iliandikwa nguvu farasi 325 kwa injini ya lita 6.4. Lakini wakati ule Marekani walipima injini ikiwa juu ya stendi, bila mfumo kamili wa ekzosi wala mizigo mingine inayobebwa na injini garini. Kufika 1972 watengenezaji walihamia kwenye kipimo cha injini ikiwa na vitu vyake vyote, na namba zikaporomoka. Sehemu ya mporomoko ilikuwa ya karatasi, sehemu ilikuwa ya kweli, maana mgandamizo wa injini ulikuwa umeshapunguzwa kwa ajili ya sheria za moshi na petroli isiyo na risasi. Kwa hiyo anayelinganisha 325 ya 1964 na 300 ya STI analinganisha vipimo viwili tofauti.

Halafu kuna namba zilizopunguzwa makusudi. Ford iliiandikia injini yake ya 428 Cobra Jet ya 1968 nguvu farasi 335, na Chevrolet ikaiandikia Camaro Z/28 ya 1967 nguvu 290, na karibu kila aliyewahi kuzipima hasadiki. Bima na madaraja ya mashindano vilikuwa sababu nzuri ya kuwa mnyenyekevu. Japani nako watengenezaji walikubaliana wasitangaze gari la zaidi ya nguvu 280, na makubaliano hayo yalidumu tangu mwisho wa miaka ya 1980 hadi 2004. Skyline GT-R iliandikwa 280 kama wenzake, na waliozipeleka kwenye mashine ya kupimia walikuta zaidi. Unaona sasa mabishano ya namba yanavyokuwa: upande mmoja umekuza, kisha umepunguza, upande mwingine umepunguza kwa miaka 15. Ukitaka kulinganisha kwa haki, peleka magari yote mawili kwenye mashine moja, siku moja, usome nguvu inayofika magurudumuni.

Hata hilo neno "ya kutoka nje" lina vituko. GTO ya 2004 hadi 2006 ilitengenezwa Australia na Holden, ikasafirishwa kwa meli. Dodge Challenger, fahari ya misuli yote, ilikuwa ikiunganishwa Brampton, Kanada, mpaka ilipokoma mwishoni mwa 2023. Dodge Stealth ya miaka ya 1990 ilikuwa Mitsubishi iliyovaa nembo nyingine. Acura NSX ya kizazi cha pili, gari la Kijapani kwa jina, ilijengwa Ohio. Na nenda kwenye gereji yoyote ya mashindano utakuta Mazda RX-7 iliyotolewa injini yake ya rota ikawekwa V8 ya General Motors, kwa sababu ni fupi, nyepesi kuliko inavyofikiriwa, na spea zake zimejaa. Mashabiki wa pande zote hulikasirikia gari hilo. Mimi nalipenda.

Sasa Skyline. Nilianza kuitaka kabla sijajua hata bei ya plagi zake. R32 GT-R, kizazi cha gari langu, ilishinda mbio zote 29 ilizokimbia katika mashindano ya magari ya abiria ya Japani kuanzia 1990 hadi 1993, ikaenda Australia ikachukua mbio za Bathurst 1991 na 1992, na huko Australia ndiko ilikobatizwa Godzilla. Marekani haikuwahi kuuzwa rasmi, na kwa hiyo iliwindwa zaidi.

Kwa sheria ya Marekani gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao vya usalama haliingii, mpaka litimize miaka 25. Miaka hiyo huhesabiwa kuanzia mwezi gari lilipotengenezwa, wala si mwaka wa modeli au siku ya usajili wa kwanza. Hapo watu huumia, kwa sababu cheti cha Japani kinaonyesha usajili wa kwanza. Upande wa moshi wanataka miaka 21 na injini iwe katika hali yake ya awali. Fomu mbili za kujua ni HS-7 ya usalama na 3520-1 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani. Juu ya hayo, California ina masharti yake ya moshi, magumu kuliko ya shirikisho, na nimekutana na mtu ambaye gari lake lilipita forodha kihalali kabisa lakini akashindwa kulipatia namba huko. Uliza ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla hujatuma hata senti.

Gari nililipata mnadani Japani kupitia dalali. Karatasi ya mnada ni kitu kizuri kama unajua kuisoma. Kuna daraja la jumla, kuna herufi ya hali ya ndani, na kuna mchoro wa gari uliojaa alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupigwa pati, S ni kutu, X ni kitu cha kubadilishwa, XX ni kilichokwisha badilishwa. Namba iliyo kando ya herufi ni ukubwa wa tatizo. Gari lenye R badala ya daraja la namba lilishapata ajali na kutengenezwa. Langu lilikuwa 3.5, lina W ubavuni nyuma na S chini. Niliomba picha za ziada za minara ya shokapu ndani ya boneti, ukingo wa matao ya nyuma na pembe za buti, sehemu ambazo R32 huoza kimya kimya chini ya rangi safi. Omba pia picha ya namba ya chesisi iliyopigwa kwenye ukuta wa injini. GT-R halisi huanza na BNR32. HCR32 ni GTS-t, gari zuri tu la magurudumu ya nyuma, ambalo likivalishwa bampa na taa za mwenzake huuzwa kwa bei ya mwenzake.

Kuhusu hela nisiwafiche. Bei ya nyundo mnadani ilikuwa chini ya theluthi mbili ya jumla niliyolipa mpaka gari likasimama mbele yangu na namba. Kuna dalali, kuna usafiri wa ndani Japani, kuna meli, bima ya safari, wakala wa forodha, ushuru ambao wakati wangu ulikuwa 2.5% ya thamani, ada za bandari, lori la kulitoa bandarini. Wakala wangu alichelewesha karatasi, bandari ikaanza kuhesabu siku za kuhifadhi, na zile siku nililipa mimi. Kabla ya kumkabidhi mtu kazi hiyo, mwombe akuandikie ni nani anabeba gharama za kuhifadhi kama karatasi zimechelewa kwake. Asiyetaka kuandika, ameshakujibu.

Kilichofuata ni bima. Magari ya Marekani yana namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17. Gari la soko la Japani lina namba fupi ya chesisi, na mfumo wa kompyuta wa kampuni ya kawaida unaikataa. Niliishia kwenye bima ya magari ya kale yenye thamani mliyokubaliana, ambayo kwa kweli ni bora, ila ina masharti: usilifanye gari la kazini kila siku, lilale ndani. Taa za mbele nazo zilinisumbua. Japani wanaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa taa umeinuliwa upande wa kushoto kuangazia pembezoni mwa barabara. Marekani kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Watu walinimulika kwa hasira usiku mpaka nilipoelewa sababu. Na kulipita lori kwenye barabara ya njia mbili ukiwa umekaa kulia ni jambo la kuliacha kabisa kama huna mtu kiti cha kushoto wa kukuangalizia.

Mafuta sasa, na hapa asikilize kwa makini anayetaka gari la turbo kutoka Japani. Petroli ya juu ya Japani kwa kawaida hufika okteni 100 (uwezo wa petroli kuzuia injini isigonge) kwa kipimo cha RON. Marekani pampu inaandika wastani wa vipimo viwili, hivyo 93 yao ni sawa na kama 97 au 98 za RON, na 91 ni pungufu zaidi. Kompyuta ya gari ilipangwa kwa mafuta ya kwao. Ukiweka hafifu na kukanyaga hasa siku ya joto, injini hugonga, na kugonga ndiko kunakotoboa pistoni. Tafuta pampu yenye okteni ya juu kabisa inayopatikana, na mpe kazi ya kupanga upya kompyuta fundi anayeijua injini hiyo kwa jina.

Nilimpata mmoja, mbali, na foleni ndefu. Siku ya kwanza hakuwasha hata injini. Alifungua boneti, akafuata kwa vidole mipira myembamba ya kudhibiti turbo, akachomoa mmoja wenye mstari wa njano, akaupuliza mdomoni. Hewa ikapita bure. Akauchungulia kwenye mwanga kisha akanipa. Kiwandani ndani ya mpira ule kuna kizuizi kidogo chenye tundu finyu. Ukikitoa, turbo zinajaza hewa zaidi na gari linakuwa kali bila kununua kitu. Mtu fulani huko nyuma alikitoa. Turbo za R32 zina feni za seramiki upande wa moshi, nyepesi na za haraka kuamka, ila ukizisukuma kupita kiasi zinaweza kukatika. Sikujua gari limeishi na presha ile kwa muda gani. Hakuna karatasi ya mnada yenye herufi ya jambo hilo.

Tukapima mgandamizo wa silinda zote sita, zikakaribiana, nikapumua. Tukabadilisha mkanda wa taimingi bila kujali kilometa zilizoandikwa, pamoja na pampu ya maji na mipira yote ya maji iliyokuwa imekuwa migumu kama plastiki. Fundi akaniambia kuhusu pampu ya oili: kwenye R32 za mwanzo sehemu ya kranki inayoizungusha ni nyembamba, na injini ikizungushwa hadi mwisho mara kwa mara pampu inaweza kupasuka. Kuirekebisha kwahitaji injini itoke. Sikuitoa. Nilikubali kutoigusa mizunguko ya mwisho, na nikaishi hivyo, jambo ambalo kwa gari la umaarufu huo linauma kidogo.

Kusubiri spea kulinichosha kuliko gharama. Tangu mwisho wa 2017 Nissan kupitia NISMO, tawi lake la mashindano, walianza kutengeneza tena baadhi ya spea za R32, na ni msaada mkubwa, lakini "baadhi" ni neno zito gari likiwa juu ya stendi. Mustang ilipoharibika koili nilinunua nyingine nikarudi nyumbani kabla ya giza. Skyline ilikaa msimu mzima wa kiangazi ikingoja kitu kidogo cha plastiki kwenye mfumo wa usukani wa magurudumu ya nyuma, ule unaoitwa HICAS, ambao wenye R32 wengi huung'oa na kufunga chuma mahali pake. Nami nikafunga chuma.

Niliyekuwa nimemuuzia Mustang alikubali tubadilishane kwenye uwanja wa kona siku moja. Skyline ina kilo 1,430 hivi, pungufu kwa kilo 250, na unazisikia kwenye kila breki. Chini ya mizunguko 3,000 imelala, unaweza kudhani gari la mwalimu mstaafu. Zikipita 4,000 turbo mbili zinaamka na sauti inabadilika kutoka kunguruma kuwa mlio mwembamba unaopanda. Kwenye kona inaanza kama gari la magurudumu ya nyuma, mkia unaanza kutoka, halafu mfumo wake wa magurudumu manne, ATTESA, unapeleka nguvu mbele na gari linajivuta lenyewe kutoka. Mara ya kwanza unapigana nao. Ukiacha kupigana, unajikuta unakanyaga mafuta mapema kuliko akili inavyoruhusu. Mustang ilikuwa na kasi zaidi kwenye sehemu zilizonyooka, na kwa mzunguko mzima muda wake ulikuwa bora, jambo lililonikera kwa kuwa nilikuwa nimeshaiuza. Kati yao kuna miaka 25 ya tairi, breki na kompyuta. Anayewashindanisha hao wawili kana kwamba ni rika moja anatafuta ugomvi tu. R32 ilinganishe na Mustang ya 1990; hapo hakuna mjadala mrefu.

Akiniuliza mtu sasa, namuuliza ana magari mangapi. Kama ni moja na ndilo la kumpeleka kazini, V8 ya karibuni yenye historia ya huduma, isiyobadilishwa kitu, na fedha ya tairi na breki pembeni. Kama analo jingine la kutembelea, ana mahali pa ndani pa kulilaza, na amebakiza angalau nusu ya bei ya gari kwa ajili ya mwaka wa kwanza, basi la Japani alilolitamani tangu utotoni alichukue, na alichukue likiwa halijaguswa hata kama ni ghali zaidi. Lililoongezwa nguvu na mtu usiyemjua linauzwa rahisi kwa sababu. Hilo ni kweli pia kwa V8. Tofauti ni kwamba injini nyingine ya V8 utaipata wiki hiyo hiyo.

Skyline niliiuza baadaye kwa bei kubwa kuliko niliyonunulia, na marafiki walinipongeza. Nikijumlisha risiti, nilipata hasara, na Mustang iliyoshuka bei kila mwaka ilinigharimu kidogo zaidi ya nusu ya hasara hiyo. Mnunuzi nilimpa bahasha yote: karatasi ya mnada, nakala za HS-7 na 3520-1, matokeo ya mgandamizo, na risiti ya pampu ya maji. Alisoma ya mgandamizo kwanza, akauliza fundi anaitwa nani, na tukaelewana bei kabla hajaomba niwashe gari.